Bati linasingiziwa: radi, paa la nyumba na waya unaosahaulika

Anayejenga nyumba ya familia jijini Kampala hufika siku ambayo kuta zimesimama, fedha zimepungua na paa bado halijachaguliwa, na hapo ndipo ushauri humiminika kutoka kila upande: jirani hutetea mabati ya rangi, fundi husifu vigae, na shangazi aliyeko kijijini huuliza nyasi zilizowalea wote zimekosa nini. Katikati ya ushauri huo limo dai moja ambalo wasomaji huliuliza kila mvua zinapokaribia, zile za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Desemba, nalo ni kwamba bati huvuta radi, na kwamba mzazi anayejali usalama wa watoto wake ni heri aezeke kwa kitu kingine chochote.

Dai hilo halistahili kejeli, kwa kuwa waliokufa chini ya mabati ni watu halisi na majina yao yanakumbukwa majumbani kwao. Tarehe 28 Juni 2011, katika Shule ya Msingi ya Runyanya wilayani Kiryandongo, radi moja iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao waliokuwa wamejikinga na mvua darasani. Tarehe 2 Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek wilayani Lamwo, watu 14 waliokuwa wamekusanyika kwa ibada ndani ya kibanda cha mabati walikufa na wengine 34 wakajeruhiwa. Mtu anayesoma habari kama hizo na kuhitimisha kwamba bati ndilo lililoiita radi hawezi kulaumiwa kwa kufikiri. Kosa lake ni moja tu, kwamba amechanganya mahali radi inapotua na njia inayopita baada ya kutua, na mambo hayo mawili yana sababu zisizohusiana.

Eneo hili lenyewe ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Mji wa Tororo, mashariki mwa Uganda, uliwahi kurekodiwa kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka katika kipindi cha 1967 hadi 1976, na uchunguzi wa setelaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, katika Kivu ya Kusini huko Kongo, katika nafasi ya pili duniani, kwa wastani wa miale 205 katika kila kilomita ya mraba kwa mwaka, ikitanguliwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Kampala inaponea au kuathirika kwa kutegemea Ziwa Victoria: mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo hutoka ziwani na mawingu hupanda juu ya vilima, na usiku mambo hugeuka, upepo hutoka pande zote za nchi kavu ukakutana juu ya maji yaliyobaki na uvuguvugu, na mawingu makubwa hujengeka humo na kuwasubiri wavuvi. Ndiyo maana mkazi wa Ggaba au Munyonyo huamshwa alfajiri na ngurumo zinazotoka ziwani wakati anga juu ya mji bado limetulia.

Ili kuona kwa nini bati halivuti radi, ni lazima kufuata safari ya radi yenyewe kwa utaratibu, na safari hiyo inastahili subira. Ndani ya wingu chembe ndogo za barafu hugongana na punje nzito za barafu laini, zikabadilishana chaji, hadi sehemu ya chini ya wingu ikajaa chaji hasi na ya juu ikabaki na chaji chanya. Hewa inaposhindwa kuendelea kuzitenganisha, chaji hasi huanza kushuka kwa njia nyembamba isiyoonekana kwa macho, ambayo hapa itaitwa njia tangulizi, kwa hatua fupi za takriban mita 50 kila moja, ikitua kwa sehemu ndogo mno ya sekunde baada ya kila hatua na kutoa matawi kabla ya kuendelea. Katika safari hiyo ya kilomita kadhaa njia tangulizi haielekei nyumba ya mtu yeyote, wala haijui kama kilomita mbili chini yake kuna bati, kigae, mgomba au mnara wa simu. Hupinda kushoto au kulia kwa kufuata hali ya hewa iliyo mbele yake tu. Ni pale inapobakiza makumi machache ya mita kufika ardhini ndipo uga wa umeme, yaani nguvu inayoizunguka chaji, unapokuwa mkali kiasi cha kuvifanya vitu vilivyoinuka chini yake vianze kurusha cheche kuelekea juu, kutoka ncha ya mti, pembe ya paa, antena ya televisheni, hata kichwa cha mtu aliyesimama uwanjani. Cheche itakayowahi kukutana na njia tangulizi ndiyo inayokamilisha mzunguko. Hapo mkondo mkuu hupita, kwa kawaida wa kadiri ya ampea 30,000, hewa iliyomo njiani hufikia joto la karibu nyuzi 30,000 za Selsiasi, ambalo ni mara tano ya joto la uso wa jua, na kutanuka kwake kwa ghafla ndiko kunakosikika kama ngurumo.

Wahandisi wamelifupisha jambo hili kwa mpira wa kufikirika wenye nusu kipenyo cha kati ya mita 20 na mita 60, kulingana na kiwango cha ulinzi kinachotakiwa: mpira huo ukiviringishwa juu ya mtaa mzima, kila sehemu unayoigusa inaweza kupigwa, na kila kilichobaki chini yake bila kuguswa kina hifadhi ya kiwango kinachojulikana. Nyumba iliyo peke yake juu ya mgongo wa kilima cha Muyenga itaguswa. Kibanda cha bondeni Bwaise kilichobanwa na ghorofa ndefu pande zake huenda kisiguswe, japokuwa chote ni bati. Vinavyohesabiwa ni urefu, upweke na ncha. Katika hesabu yote hiyo hakuna mahali pa kuandika paa limeezekwa kwa kitu gani.

Kama ni hivyo, kwa nini watu hufa chini ya mabati? Jibu limo katika kile kinachotokea baada ya radi kutua, na ili kulielewa inafaa kutazama kwa karibu jinsi paa la kawaida linavyojengwa. Mabati hupigiliwa kwa misumari yenye vifuniko vya mpira juu ya mbao, mbao hukaa juu ya kenchi, na kenchi hukaa juu ya ukuta wa matofali ya kuchoma, ambao mara nyingi hauna nondo wala bomba la chuma linaloshuka hadi chini. Mkondo wa radi unapotua juu ya bati husambaa kwa urahisi mkubwa hadi ukingoni, na hapo njia hukatika: mbele yake kuna ubao na tofali, na ardhi unayoitaka iko mita tatu chini. Mkondo huo hautasubiri. Utarukia chochote kinachofupisha njia, iwe ni waya wa taa uliopita kiganja kimoja chini ya bati, iwe ni grili ya dirisha, iwe ni mtu aliyeegemea grili hiyo, na kuruka huko ndiko kunakoitwa mruko wa pembeni.

Ukubwa wa msukumo huo hushangaza hata wanaoufahamu. Ikiwa ardhi chini ya nyumba inakinza mkondo kwa omu 10 tu, ambacho ni kiwango kizuri, ampea 30,000 zikipita humo huifanya sehemu hiyo ya ardhi ipande hadi volti 300,000 kuliko ardhi iliyo mbali. Zaidi ya hayo, mkondo wa radi hupanda kutoka sifuri hadi kilele ndani ya mikrosekunde chache, yaani sehemu chache za milioni za sekunde, na waya wowote, hata wa shaba safi, hupinga badiliko la ghafla namna hiyo kwa tabia inayoitwa induktansi. Mkondo ukiongezeka kwa ampea 30,000 katika mikrosekunde moja, kila mita ya waya hubeba tofauti ya takriban volti 30,000 kati ya ncha zake mbili. Hii ndiyo sababu waya wa kushusha radi hutakiwa uende moja kwa moja, bila kona kali na bila kuzungushwa, na ndiyo sababu fundi anayeukunja waya uliozidi kama kamba ya kufungia ng'ombe na kuuacha ukutani amejenga mahali pa radi kurukia.

Watu huumizwa pia na ardhi yenyewe. Mkondo unapoingia ardhini husambaa pande zote ukipungua nguvu kadiri unavyokwenda mbali, hivyo mguu mmoja wa mtu aliyesimama huwa kwenye volti tofauti na mguu wa pili, na mkondo hupanda mguu huu na kushuka ule. Katika makadirio yanayotumiwa sana na madaktari wa majeraha ya radi, mkondo wa ardhini husababisha takriban nusu ya majeruhi wote, mruko wa pembeni karibu theluthi, na radi inayompiga mtu moja kwa moja haizidi asilimia 3 hadi 5. Darasa lenye watoto wengi waliokaa karibu karibu juu ya sakafu isiyo na nondo linaweza kwa hiyo kupoteza wengi kwa radi moja, na ng'ombe, ambaye miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana na moyo wake uko katikati, hufa pale ambapo mchungaji wake huanguka tu na kuinuka.

Sasa linafuata jambo ambalo wauzaji wa hofu hawalisemi. Bati lilelile, likiunganishwa na ardhi kwa nyaya zinazostahili, ndilo mwanzo mzuri kuliko wote wa nyumba salama. Mwaka 1836 Michael Faraday alijenga London chumba ambacho kuta zake zilifunikwa kwa karatasi ya metali, akaingia na vipimo vyake wakati umeme mkali unarushwa nje, wala vipimo hivyo havikuonyesha kitu, kwa sababu chaji hukaa juu ya ngozi ya nje ya kipitishi na kuliacha tumbo lake bila madhara. Abiria wa taksi inayotoka kituo cha zamani cha magari katikati ya Kampala hulindwa na kanuni hiyohiyo: paa la gari ni bati, limeshikamana na milango na sakafu ya chuma, na mkondo humzunguka abiria hadi chini. Wanaoamini kwamba matairi ndiyo yanayomlinda hawajajiuliza radi iliyovuka kilomita kadhaa za hewa ingezuiwaje na sentimita chache za mpira. Mwenye bodaboda ana matairi ya mpira pia, na hana ulinzi wowote.

Kuna sharti moja la kiufundi ambalo hupuuzwa hata na wanaolijua somo hili. Kiwango cha kimataifa cha kinga ya radi, IEC 62305, hukubali paa la chuma litumike lenyewe kama mpokeaji wa radi iwapo unene wake si chini ya milimita 0.5, na iwapo kutobolewa kwake hakutawasha kitu kilicho chini. Mabati huuzwa kwa geji, na namba ya geji inavyopanda ndivyo unene unavyopungua, kwa hiyo geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32, lakini hata geji 28 haifiki nusu milimita. Nyumba nyingi za familia zinazoezekwa leo zinahitaji kwa sababu hiyo waya wa kupokea radi ulioinuliwa juu ya mgongo wa paa na kufungwa pamoja na mabati, nyaya mbili au zaidi za kushushia katika pembe zinazopingana, na fimbo za shaba zilizozikwa ardhini, ambazo mafundi huziita ethi. Nyaya za umeme wa ndani na mabomba ya chuma yakiwapo huunganishwa na ethi hiyohiyo, ili vyote vipande na kushuka kwa volti pamoja na pasiwe na sababu ya mruko kati yao. Nyumba za zamani zilikuwa na mabomba ya chuma yaliyofanya sehemu ya kazi hii bila mtu kukusudia. Mabomba ya plastiki yaliyochukua nafasi yake ni mazuri kwa maji na hayafai kitu kwa radi.

Vifaa vingine vya kuezekea havihitaji maneno mengi. Vigae vya udongo, ambavyo kiwanda cha Kajjansi kwenye barabara ya Entebbe kimevifyatua tangu mwaka 1950, havipitishi umeme, na watu hudhani kwa hiyo vinazuia radi, ilhali radi hupita katikati yake kufuata unyevu wa kenchi, maji yaliyomo kwenye mbao na vigae yakageuka mvuke kwa ghafla na kuvipasua vyote. Sifa yao ya kweli ni ubaridi wa ndani na ukimya wakati wa mvua, mradi kenchi ziwe imara za kuvibeba. Vigae vya bati vilivyopakwa changarawe ni bati, na vihukumiwe kama bati. Nyasi hupigwa kama paa jingine lolote la urefu huo, zinashika moto, na sakafu ya udongo iliyo chini yake hubeba mkondo wa ardhini vizuri. Aliyehama kutoka bati kwenda nyasi kwa kuogopa radi ameongeza hatari juu ya hatari. Asbesto, ambayo bado iko juu ya baadhi ya majengo ya zamani, ina tatizo lake kubwa zaidi ya radi, kwa kuwa nyuzi zake zikivunjwa na kuvutwa pumzi husababisha saratani ya mapafu na ya utando unaoyazunguka, miongo kadhaa baadaye; isitobolewe, isisuguliwe, na kuiondoa iwe kazi ya waliofunzwa. Kuhusu joto, bati jeupe au la rangi isiyokolea lenye dari chini yake humaliza sehemu kubwa ya malalamiko, na anayechagua bati jeusi kwa ajili ya urembo asimlaumu aliyelitengeneza.

Wanaopata faida katika kutojua huku ni wengi. Wapo waganga wanaouza hirizi na dawa za kupaka mlangoni, wapo wanaoahidi kuielekeza radi kwa adui, na wapo wanaowakataza watoto nguo nyekundu na kufunika vioo vya nyumba nzima, wakati chaji ya wingu haina jicho la kuona rangi wala uso wa kujitazama. Hao angalau hawajidai kuwa mafundi. Wabaya zaidi ni wale wanaopandisha fimbo moja inayong'aa juu ya paa, wakaipiga picha, wakachukua fedha na kuondoka bila kuizikia ethi, au wakaiunganisha kwa waya mwembamba wa taa, kwa sababu fimbo ya namna hiyo imeinua sehemu ya juu ya nyumba, imerahisisha cheche ya kupanda na haijatoa njia ya kushuka. Shule iliyouziwa kifaa hicho iko hatarini kuliko ilivyokuwa kabla ya kununua. ACLENet, mtandao wa vituo vya Afrika vinavyoshughulikia radi wenye makao yake Kampala, umekuwa ukizifungia shule za Uganda kinga kamili inayofuata viwango, na kazi yake hutofautiana na ya wauza fimbo hasa kwa kile kilichozikwa chini, ambacho mzazi hawezi kukiona akiwa langoni.

Uongo mmoja zaidi huua hata baada ya mvua kupita, nao ni kwamba aliyepigwa na radi bado ana umeme mwilini na asiguswe. Mwili haushikilii chaji. Radi husimamisha moyo na pumzi kwa pamoja, lakini moyo una chanzo chake chenyewe cha mapigo na mara nyingi huanza tena bila msaada, wakati pumzi hungoja amri kutoka kwenye shina la ubongo, ambalo limepooza na huchelewa kuzinduka. Katika mwanya huo moyo hupiga bila hewa ya oksijeni, huchoka, na husimama mara ya pili, safari hii kwa kukosa hewa tu. Pumzi za kupulizwa mdomoni na kukandamizwa kifua katika dakika hizo chache ndizo zinazoamua, na ndiyo maana waliopigwa wengi kwa pamoja huhudumiwa kwa kuanza na wale wanaoonekana wamekufa. Anayelia kwa maumivu anapumua tayari na anaweza kusubiri.

Ushauri uliobaki ni mfupi. Ngurumo ikisikika, radi iko karibu vya kutosha, na mahali pa kwenda ni gari lililofungwa au jengo kubwa lenye nondo na nyaya za umeme zilizowekwa vizuri, hadi dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho. Ndani ya nyumba isiyo na kinga, watu wakae mbali na madirisha, grili, swichi na bomba, na simu isitumike ikiwa kwenye chaja. Simu isiyochomekwa haina kosa lolote.

Anayepanga bajeti ya paa na achague bati, kigae au rangi anayoipenda, kisha aandike nyaya za kushushia na ethi kama sehemu ya bei ya paa, na amtake fundi azipime mbele yake kabla ya shimo kufukiwa. Fundi atakayejibu kwamba hazihitajiki kwa sababu paa si la bati, atafutiwe mwingine.